Peremende za Nakivale: Mmoja apika, mwingine avusha

KAKAO ya Bundibugyo na ya Beni huondoka Afrika Mashariki ikiwa mbegu kavu ndani ya magunia, kisha hurudi ikiwa chokoleti iliyofungwa kwa karatasi inayong'aa. Katika maduka makubwa ya Mbarara, bei yake humfanya mnunuzi wa kawaida aitazame, airudishe mahali pake na kupita. Katikati ya safari hiyo ndefu kuna nafasi ndogo ambayo jiko la nyumbani linaweza kuijaza: peremende ya mnanaa iliyovikwa chokoleti. Kuitengeneza hakuhitaji mashine. Kunahitaji sigiri, sufuria, bakuli, mikono safi na subira.

Kikwazo kikubwa hakiko jikoni, kiko mpakani. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, wapo watu wenye ufundi wa mapishi na wenye haja kubwa ya kipato, lakini hali yao ya ukimbizi haiwaruhusu kuvuka mipaka ovyo. Nyamitanga, kilima kilicho ng'ambo ya mto Rwizi jijini Mbarara, wapo wafanyabiashara wenye vitambulisho, wenye wateja Kasese, Kigali na Bukoba, lakini wasio na muda wa kukaa jikoni. Peremende hii itafika mbali pale tu pande hizo mbili zitakapokubaliana, tena kwa maandishi.

Msaada umepungua, kazi inaruhusiwa

Nakivale ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani zaidi barani Afrika. Yalianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Wanyarwanda waliokimbia machafuko. Leo wanaishi humo Wakongo, Warundi, Wasomali, Wanyarwanda, Waethiopia, Waeritrea na wengineo. Kiswahili ni moja ya lugha zinazowaunganisha sokoni, kila mmoja kwa lafudhi ya kwao.

Maisha humo yamebadilika sana tangu Julai 2023, Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilipoanza kugawa msaada nchini Uganda kwa makundi, kulingana na kiwango cha shida cha kila familia. Familia zilizoonekana kujiweza ziliondolewa kabisa katika mgao. Mwaka 2025, fedha za wafadhili zilipozidi kupungua, takriban wakimbizi milioni moja nchini humo waliachwa bila chakula cha msaada. Kwa mama aliyekuwa akitegemea mgao wa mwezi, biashara ndogo sasa ndiyo chakula cha jioni.

Sheria ya Uganda inamruhusu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 2006, pamoja na kanuni zake za mwaka 2010, inampa mkimbizi haki ya kufanya kazi, kufanya biashara na kutembea ndani ya nchi. Anaweza kupika Nakivale asubuhi na kuuza Mbarara mchana bila kuvunja sheria, ilimradi awe na kitambulisho chake cha ukimbizi na afuate taratibu za leseni za serikali ya mtaa.

Kwa nini mnanaa na chokoleti

Neno lenyewe linaeleza. Wataalamu wa lugha husema "peremende" lilitokana na jina la Kiingereza la mnanaa wenye ukali, ule unaopoza kinywa. Maana yake ikapanuka hadi kuwa kitamu chochote cha kumung'unya. Mtanzania huita pipi. Mrundi na Mnyarwanda husema bombo, kutokana na Kifaransa. Kwa lugha yoyote kati ya hizo, mteja anajua anachokitaka.

Malighafi nyingi ziko karibu. Uganda ina viwanda vya sukari. Mbarara ni kitovu cha maziwa ya Ankole, na maziwa ya unga hutengenezwa humo humo jijini. Mnanaa huota kwa urahisi pembeni mwa bomba au kwenye kitalu chenye unyevu nyuma ya jiko, na ukishaota huenea wenyewe. Kakao hulimwa kwa wingi Bundibugyo, ambako kampuni ya Kitaliano ya ICAM imekuwa ikinunua kwa miaka mingi. Ng'ambo ya mpaka, katika teritwari ya Beni, mradi wa Virunga umeanzisha kiwanda cha chokoleti kinachotumia kakao ya wakulima wa huko.

Ufundi pia upo. Wasomali wa Nakivale wanaijua halua, na kuichemsha sukari hadi ifikie kiwango kinachotakiwa ni kazi waliyoizoea. Mtu wa pwani anaijua kashata. Aliyeweza kuikoroga halua bila kuiunguza hatashindwa na peremende.

Kinachoumiza ni bei ya chokoleti. Kwa miaka mingi kakao iliuzwa katika soko la dunia kwa kiasi cha dola 2,500 kwa tani. Mwaka 2024 ilipita dola 10,000, baada ya mavuno kuharibika Ghana na Ivory Coast. Mwaka 2025 ilishuka sana, ingawa bei madukani hushuka polepole kuliko inavyopanda. Kwa hiyo peremende yenye moyo wa sukari na ngozi nyembamba ya chokoleti ina maana ya kibiashara. Mteja anaonja chokoleti, lakini sehemu kubwa ya uzito ni sukari.

Jikoni: peremende 60

Kipimo cha kuanzia kinatoa peremende 60 za gramu 15 kila moja. Vinahitajika sukari ya unga, ile ya kupambia keki, gramu 500. Maziwa mazito ya kopo vijiko vinne hadi vitano vya mezani. Siagi kijiko kimoja. Mafuta ya mnanaa ya kulia chakula matone sita hadi manane. Na chokoleti gramu 300.

Chekecha sukari ndani ya bakuli kavu. Ongeza siagi, maziwa na matone ya mnanaa, kisha kanda hadi upate donge laini lisilonata mikononi. Likinata, ongeza sukari kidogo. Likipasuka, ongeza maziwa, tone kwa tone. Gawanya vidonge vya gramu kumi, viviringe, vibonyeze viwe bapa, uvipange juu ya karatasi ya kuokea. Viache vikauke kwa saa moja hadi mbili, ukivigeuza mara moja. Kidonge kibichi hupasua ganda la chokoleti kesho yake.

Yeyusha chokoleti ndani ya bakuli lililowekwa juu ya sufuria yenye maji ya moto, bakuli lisiguse maji. Hapa ndipo wanaoanza hupoteza mtaji. Tone moja la maji, au mvuke ukiingia, hufanya chokoleti igande ghafla kama udongo, na haifai tena kuvika. Bakuli, kijiko na mikono viwe vikavu kabisa. Chovya kidonge kwa uma, kung'uta kinachozidi, rudisha kwenye karatasi.

Majani mabichi ya mnanaa yasitiwe moja kwa moja kwenye chokoleti, kwa sababu yana maji. Asiyekuwa na mafuta ya mnanaa akaushe majani kivulini hadi yavunjike kama karatasi, ayasage, ayachekeche, kisha achanganye unga wake kwenye donge la sukari. Ladha itakuwa tulivu zaidi na rangi itaelekea kijani. Mafuta ya kuchua mwili au ya kunusa wakati wa mafua yasitumike kamwe, hata kama yananukia vivyo hivyo. Yanayofaa ni yale tu yaliyoandikwa kuwa ni ya chakula.

Wapo watakaotaka kuanza na mbegu zenyewe za kakao. Inawezekana kuzikaanga, kuzimenya na kuzitwanga, lakini kinu cha nyumbani huacha chenga zinazosikika ulimini. Unga wa namna hiyo unafaa zaidi kwa kinywaji. Kwa kuvika peremende, chokoleti ya kipande iliyosagwa kiwandani ni salama zaidi kwa mtaji mdogo.

Joto la barabarani

Siagi ya kakao huyeyuka karibu nyuzi joto 34. Mbarara, iliyo mita zaidi ya 1,400 juu ya usawa wa bahari, ina hewa ya kupendelea kazi hii. Kasese na Mpondwe ziko chini zaidi na zina joto kali. Ndani ya gari lililosimama juani, chokoleti haichukui muda kulowa.

Kuna njia mbili za kukabiliana na hilo. Ya kwanza ni kuituliza chokoleti halisi kabla ya kuvika. Chokoleti nyeusi hupashwa hadi nyuzi 45, hupozwa kwa kukorogwa hadi 28, kisha hupashwa tena hadi 31 au 32 na kutumika papo hapo. Ya maziwa hutumika kwenye nyuzi moja au mbili chini ya hapo. Kipimajoto cha jikoni kinalipa gharama yake katika wiki ya kwanza. Asiye nacho achovye ncha ya kisu: chokoleti iliyotulia hukauka ndani ya dakika chache mahali pa baridi na kung'aa. Isiyotulia hubaki laini, na baada ya siku kadhaa hutoa utando mweupe. Utando huo si ukungu wala si sumu, lakini mteja hatasubiri maelezo.

Njia ya pili ni kutumia ile ambayo wauza vifaa vya keki huiita kompaundi. Hii imetengenezwa kwa unga wa kakao na mafuta mengine ya mimea badala ya siagi ya kakao. Haihitaji kutulizwa na ni nafuu. Ladha yake ni ya chini, na isiandikwe kwenye lebo kana kwamba ni chokoleti halisi. Muuzaji wa shuleni anaweza kuridhika nayo. Mwenye hoteli mjini Kigali ataitambua kwa kuionja mara moja.

Kwa vyovyote vile, mzigo usafiri usiku au alfajiri, katika boksi lenye tabaka za magazeti, mbali na injini.

Alama, lebo na namba ya forodha

Anayeuza jirani kwa jirani hulindwa na jina lake. Anayevuka mpaka hulindwa na karatasi. Kwa Uganda, mlango wa kwanza ni Shirika la Viwango la Taifa (UNBS), ambalo hukagua mahali pa kazi na bidhaa kabla ya kutoa alama ya ubora ya Q. Sheria ya viwango ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2006 imeweka msingi wa nchi wanachama kutambuliana alama za ubora, ili bidhaa iliyothibitishwa Uganda isianze upya kupimwa Tanzania, Kenya au Rwanda. Bila alama hiyo, afisa wa mpakani ana sababu ya kuuzuia mzigo hata kama ni boksi moja.

Lebo iandikwe jina la bidhaa, viambato vyote, uzito halisi, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, na jina na mahali pa mtengenezaji. Kwa kuwa kuna maziwa ndani, yatajwe waziwazi, maana wapo wasioyavumilia.

Kufungasha nako kuna sheria zake. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sheria ya mwaka 2019 ikaongeza vifaa vya plastiki vinavyotumika mara moja. Kenya ilizuia mifuko ya kubebea mwaka 2017 na Tanzania Juni 2019. Mzigo uliofungwa kwenye kavera ya Uganda unaweza kuishia Katuna. Karatasi ya nta na boksi la kadibodi hupita kwa urahisi, na hupendeza zaidi machoni.

Kuna jambo la namba ambalo wengi hulijua wakiwa tayari dirishani. Katika vitabu vya forodha, vitamu vya sukari visivyo na kakao huwekwa chini ya namba 17.04. Vikiwa na kakao huingia 18.06. Hivyo kidonge cha mnanaa kitupu na kidonge kile kile kilichovikwa chokoleti ni bidhaa mbili tofauti mbele ya forodha. Akikosea namba, mfanyabiashara anaweza kushikiliwa kwa udanganyifu ambao hakuukusudia.

Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani, nchi za Jumuiya zina utaratibu rahisi wa biashara. Mfanyabiashara mdogo hupata cheti rahisi cha uasili wa bidhaa hapo hapo mpakani, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa na zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, na kusamehewa ushuru wa forodha. Faida yake si ndogo: tangu Julai 2022, vitamu vya sukari ni miongoni mwa makundi yaliyotajwa kwenye ushuru wa juu wa asilimia 35 kwa bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya. Hata hivyo cheti hakiondoi VAT wala tozo nyingine za ndani za kila nchi. Anayetumia chokoleti iliyoagizwa kutoka Ulaya au Asia aulize mapema kama bidhaa yake bado inatimiza kanuni za uasili.

Kwa upande wa Kongo, nchi hiyo ilikamilisha kujiunga na Jumuiya Julai 2022, lakini kuoanisha taratibu za forodha ni kazi ya miaka. Anayeelekea Kasindi aulize dawati la biashara la Mpondwe kabla ya kupakia mzigo. Na kwa anayetazama Kenya, akumbuke kwamba mwaka 2023 Bodi ya Maziwa ya nchi hiyo ilisitisha uingizaji wa maziwa ya unga. Maamuzi ya namna hiyo huja ghafla, na wenye viwanda vikubwa huyahimili kuliko mwenye boksi mbili.

Nani avuke

Cheti cha uasili hakiulizi mpishi alizaliwa wapi. Kinauliza bidhaa imetengenezwa wapi. Peremende iliyotengenezwa Nakivale na mama wa Kikongo au wa Kirundi, kwa sukari na maziwa ya Uganda, ni bidhaa ya Uganda sawa na iliyotengenezwa Nyamitanga. Hilo ni jambo ambalo mpishi mkimbizi anapaswa kulijua, asije akashawishiwa kuuza kazi yake kwa bei ya kutupa kwa kuambiwa kwamba "haina uraia".

Mtu mwenyewe ndiye anayeulizwa. Mkimbizi anayetaka kutoka Uganda kihalali anahitaji hati ya kusafiria ya wakimbizi. Zaidi ya hayo, Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951 unasema ulinzi unaweza kukoma kwa mtu aliyejirudisha kwa hiari chini ya ulinzi wa nchi yake. Mkongo anayevuka Mpondwe kila Jumanne kuuza peremende, au Mrundi anayerudi Bujumbura na boksi zake, anaweza kujikuta akiulizwa kama bado ni mkimbizi. Zaidi ya hilo kuna hatari aliyoikimbia. Faida ya boksi moja hailingani na kupoteza hifadhi ya familia nzima.

Ndiyo maana mvushaji awe mwenyeji mwenye kitambulisho cha taifa au pasi, na mpishi abaki upande wa Uganda. Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini ushirika wa namna hii una mtego wake: mwenye karatasi huwa na nguvu kuliko mwenye ufundi. Jina likiwa la mvushaji, alama ya UNBS ikiwa yake na wateja wakiwa wake, mpishi anaweza kuachwa siku moja na mwingine wa bei rahisi akachukua sufuria yake.

Mkataba mfupi, ulioandikwa kwa lugha ambayo wote wawili wanaisoma na kushuhudiwa na kiongozi wa mtaa, unaweza kuzuia hilo. Uandike mambo matano: nani hununua malighafi, bei ya kila kidonge kinapotoka jikoni, nani hubeba hasara ya mzigo ulioyeyuka au kuzuiwa, jina la biashara ni la nani, na kila mmoja apewe taarifa kwa siku ngapi kabla ya kuvunja ushirika. Jina la biashara likisajiliwa, majina ya wote wawili yaonekane.

Hesabu nayo iwe ya kweli. Gharama zote za peremende 60, yaani sukari, maziwa, chokoleti, mkaa, karatasi, lebo na nauli ya Mbarara, zigawanywe kwa 55 badala ya 60. Tano zitavunjika, zitaonjwa au zitatolewa kwa mteja mpya. Ujira wa mpishi uingizwe kwenye gharama kabla ya faida kugawanywa. Asiyeuhesabu muda wake jikoni hugundua baada ya miezi mitatu kwamba alikuwa akimlipa mteja ili ale.

Wa kuanza hana haja ya kuvuka mpaka mwezi wa kwanza. Mbarara yenyewe ina hoteli, kumbi za harusi, shule na kituo cha mabasi yaendayo Kigali na Kampala. Peremende ikivumilia mwezi mmoja wa wateja wa Mbarara bila kulalamikiwa, mkataba ukishatiwa saini na alama ya Q ikishapatikana, ndipo boksi la kwanza liondoke alfajiri kuelekea mpakani, likiwa na lebo ya Nakivale na mkono wa Nyamitanga.